Barua ya kufukuzwa haisemi sababu ya kweli: kazi ya avoka wa wafanyakazi Lubumbashi

Hakuna patroni (mwajiri) hapa Lubumbashi, Kongo, atakayeandika kwenye barua, "Tunakuondoa kwa sababu una mimba," wala "kwa sababu ya kabila lako." Barua itasema kampuni inapunguza watu, au bidii yako imeshuka, au ulichelewa mara nyingi. Sababu ya kweli inabaki vinywani mwa watu wa ofisini, na siku ya kesi vinywa hivyo hufungwa. Kwa hiyo avoka (wakili) anayetetea waliobaguliwa kazini husimama mbele ya hakimu kwa muda mfupi sana. Siku zake nyingi anasoma karatasi.

Sisi tunaopokea watu kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya Barreau, chama cha maavoka, tunaliona jambo hili kila juma. Kijana aliyetoka kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi anakuja kufanya staji (mafunzo ya kazi) akiwaza joho jeusi. Tunamkalisha na rundo la karatasi za mshahara na madaftari ya mahudhurio. Wengine huchoka wakahamia kesi za viwanja. Makala haya ni ya wale wanaobaki, na ya wafanyakazi watakaowahitaji.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa ajili ya asili yake, jinsia yake, maoni yake, imani yake au hali yake ya maisha. Sheria ya Kazi, namba 015-2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inashuka hadi kwenye mambo ya kila siku. Kifungu chake cha 62 kinamtaka patroni anayevunja kontra (mkataba wa kazi) isiyo na tarehe ya mwisho awe na sababu halali: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya kampuni. Halafu kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa halali hata siku moja: rangi, jinsia, hali ya ndoa, mzigo wa familia, mimba, uzazi, dini, maoni ya siasa, asili ya kijamii, kabila, kuwa mwanachama wa sendika (chama cha wafanyakazi). Imo pia ile ya kuwa ulimshtaki patroni kwa kuvunja sheria, na hiyo watu huisahau. Mfanyakazi anaogopa kwenda kulalamika asije akafukuzwa, kumbe malalamiko yenyewe ni ngao yake.

Kifungu cha 76 nacho kinamtaka patroni aandike sababu waziwazi kwenye barua ya kumwondoa mtu. Avoka anaanzia hapo. Patroni akishaandika sababu amejifunga nayo, na sababu hiyo itapimwa kwa karatasi zote zilizotangulia.

Tuseme kuna mama anayeshika hesabu katika kampuni ya usafirishaji, mwenye miaka sita kazini. Mwezi wa tatu anamwambia mkubwa wake kwamba ana mimba. Mwezi wa tano anapata barua inayosema ni mzembe. Avoka mzuri haanzi kubishana juu ya mimba. Anauliza ni nani aliyeandika kwanza kwamba mama huyu ni mzembe, na aliandika lini. Anatafuta karatasi za tathmini za miaka iliyopita. Kama Desemba alipata nyongeza kwa kazi nzuri, na barua ya kwanza ya onyo imeandikwa juma moja baada ya habari ya mimba kujulikana, tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema mambo ambayo hakuna shahidi angethubutu kuyasema. Anauliza pia ni nani aliyewekwa mahali pake. Anauliza mwanaume wa ofisi ileile aliyefanya kosa lilelile alipewa adhabu gani. Swali hili la mwisho ndilo linalowatoa mapatroni jasho, maana kupima watu wawili kwa kosa moja ndiyo njia fupi ya kuuonyesha ubaguzi.

Patroni akidai ni kosa zito, kuna hesabu nyingine. Sheria inampa siku 15 za kazi tangu alipojua kosa ili aandike uamuzi wake. Kosa la mwezi wa pili linalozuka kwenye barua ya mwezi wa tano linatia shaka lenyewe.

Mambo ya wanawake yanajaza meza zetu kuliko mengine, nasi tutayakalia kidogo. Kumtaka mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba, au alete cheti kwamba hana mimba, kumekatazwa, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria yenyewe inawakataza wajawazito. Likizo ya uzazi ni majuma 14, yasiyozidi 8 baada ya kujifungua na 6 kabla, kwa theluthi mbili za mshahara, na katika muda huo patroni hana ruhusa ya kuvunja kontra. Kuna wanaoendelea kumwomba mwanamke aliyeolewa barua ya ruhusa ya mume. Hao wanatumia sheria iliyokufa: tarehe ileile 15 Julai 2016 Sheria ya Familia nayo ilirekebishwa, na takwa la ruhusa ya mume likaondolewa. Inasikitisha kwamba barua hizo bado zinaandikwa, na waume bado wanazitia sahihi wakidhani ni lazima. Na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, sheria ya 14 Julai 2008 inamlinda. Kipimo hicho si sharti la kupata kazi.

Haya yote hayaendi moja kwa moja tribinalini, yaani mahakamani. Kifungu cha 298 kinataka ugomvi upite kwanza kwa Inspekta wa Kazi wa mahali hapo, ili ajaribu kuwapatanisha. Kesi iliyoruka hatua hiyo hakimu haipokei, hata iwe na haki namna gani. Inspekta si hakimu: anaita pande zote mbili, anasikiliza, anajaribu kuwakutanisha. Wakipatana, PV (hati rasmi ya yaliyotokea) inaandikwa na kila mmoja anatia sahihi. Wasipopatana, inaandikwa PV ya kushindwa kupatana, na karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa Tribinali ya Kazi, ambako hakimu hukaa pamoja na wasaidizi waliotoka upande wa mapatroni na upande wa wafanyakazi. Tunawashauri mastajiere wasiidharau siku ya Inspekta. Patroni ambaye bado hajajitayarisha husema mengi pale ambayo baadaye angeyanyamazia. Kila jambo liandikwe.

Na saa inakimbia. Madai yanayotokana na kontra ya kazi hufa baada ya miaka mitatu, lakini madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tu. Wanaopoteza hapa mara nyingi si wavivu. Ni watu wa heshima waliongoja wakitumaini mkubwa atalegeza moyo, au waliotuma wazee wa kanisa wakaseme naye.

Mji huu haujifunzi jambo geni. Mwaka 1941 wafanyakazi Weusi wa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga waligoma wakidai mshahara, wakati ambapo rangi ya ngozi ndiyo iliyopanga malipo. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akawa miongoni mwa waliouawa. Hapakuwa na mlango wa kisheria wa kupeleka dai lile. Waafrika waliruhusiwa kuunda sendika baada ya Vita Vikuu vya Pili tu. Ubaguzi wa rangi ulipoondoka ule wa kabila ulibaki. Tangu 7 Juni 1966 kuna amri yenye nguvu ya sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila, na hata hivyo mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa nguvu kutoka Likasi na Kolwezi, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na jamaa zao. Tunayataja haya kwa sababu mpaka leo mtu akija kulalamika juu ya kabila hupunguza sauti na kutazama mlango. Avoka asiyejua historia hiyo atadhani mteja wake anatia chumvi.

Ubaguzi wa siku hizi umejifunza adabu. Unavaa sharti linaloonekana safi. Jambo hili Marekani ililipitia katika kesi maarufu ya mwaka 1971, Griggs dhidi ya Duke Power. Kampuni hiyo ya umeme ya North Carolina ilidai cheti cha shule ya sekondari na mitihani kwa ajili ya vyeo ambavyo wazungu wasio na cheti walikuwa wakivishika vizuri kabisa, na Weusi wakabaki kwenye kazi za chini. Jack Greenberg, avoka wa haki za raia, aliitetea kesi hiyo mbele ya Mahakama Kuu. Majaji walikubali wote kwamba sharti lenye sura ya usawa linakatazwa likiwa linawafungia watu fulani mlango bila kuhusiana na kazi yenyewe. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa hapa. Lakini Kongo iliridhia mwaka 2001 Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, nao unahesabu kuwa ubaguzi hata tofauti ambayo matokeo yake ni kuharibu usawa wa nafasi. Kwa hiyo avoka akiona tangazo linalodai lugha ya kigeni kwa kazi ya kupakia magunia, ana la kuuliza.

Kundi linalotutia wasiwasi zaidi ni vibarua wa siku kwa siku na wale wanaoajiriwa na kampuni za kati zinazopelekea migodi wafanyakazi. Wengi huanza kwa kusema, "Maître, mimi sina kontra." Tunawajibu, "Baba, unayo, ila haikuandikwa." Kontra isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haina tarehe ya mwisho mpaka patroni athibitishe vingine, na mfanyakazi anaruhusiwa kuithibitisha kwa njia yoyote: beji, ujumbe wa simu, majina ya aliofanya nao zamu. Kibarua aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, sheria inamhesabu kuwa mtu wa kontra isiyo na mwisho. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa tu, "Kesho usije."

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii, njia ni ile ya maavoka wote, chini ya amri-sheria ya 28 Septemba 1979: digrii ya sheria, kuandikwa kwenye orodha ya staji, kiapo mbele ya Cour d'appel (mahakama ya rufaa), kisha miaka miwili ya staji chini ya avoka mzoefu. Hakuna cheo rasmi cha avoka wa ubaguzi. Mtu hujijenga mwenyewe, kesi kwa kesi, na jina lake linatembea Katuba na Kenya kabla halijafika katikati ya mji. Fedha ndiyo mtihani. Kampuni zinalipa vizuri na kwa wakati, mfanyakazi aliyefukuzwa hana hata nauli ya basi. Huwezi kula pande zote mbili: avoka aliyewahi kuishauri kampuni, akajua siri zake, hawezi kugeuka kumtetea aliyefukuzwa na kampuni hiyo. Wapo wanaochagua upande wa mapatroni, na si dhambi, maana patroni naye ana haki ya kutetewa. Ila uamuzi huo ufanywe mapema.

Ajue pia mwisho wa kesi unafananaje. Kuvunjwa kwa kontra bila sababu halali kunampa mfanyakazi haki ya kurudishwa kazini, na kama hilo haliwezekani, fidia inayopangwa na tribinali, isiyozidi mshahara wa miezi 36. Kwa maoni yetu kiwango hicho ni kidogo kwa mtu aliyedhalilishwa kwa ajili ya kabila au tumbo lake, na kampuni kubwa inaweza kukilipa bila kubadili tabia. Kurudi kazini nako kunapendeza kwenye maandishi. Wengi tunaowapokea hawataki kukaa tena chini ya mkubwa yuleyule. Wanataka karatasi inayosema hawakuwa wazembe, ili wapate kazi nyingine. Avoka amuulize mteja anachotaka kabla ya kumwandikia madai.

Anayekuja kutuona alete barua ya kufukuzwa pamoja na bahasha yake kama ina tarehe, karatasi za mshahara za mwaka mzima, kontra kama ipo, barua za onyo, na kila barua ya pongezi. Ujumbe wa simu usifutwe, hata ule wa matusi. Atoe nakala, karatasi za asili azifiche nyumbani. Na kama bado yuko kazini ila ameanza kuhisi mambo yanabadilika, asingoje barua: aanze leo kuandika kwenye daftari tarehe, maneno aliyoambiwa na majina ya waliokuwapo.