Draiva mpya kabisa sio dawa ya kila kadi

Hapa Malindi ingia saiba yoyote useme kompyuta inasumbua picha, utaambiwa weka draiva mpya kabisa (ile programu inayoifanya Windows ielewane na kadi ya picha) itatulia. Sio kweli jamani, haswa kama mashine ni mtumba na kadi ya grafiki ni ya kitambo.

Draiva inaandikwa kwa kadi maalum, na kampuni ikichoka na kadi inaitoa kwenye orodha. Chukua GeForce GT 430 au GTX 550 Ti, hizi NVIDIA, wenye kuzitengeneza, waliziachia kwenye draiva toleo la 391.35 ya Machi 2018, ukileta ya juu zaidi inakwambia haioni kadi inayoendana nayo, basi mtu anadhani kadi imekufa anaenda kuuziwa nyingine, na ile ilikuwa nzima kabisa!

We bonyeza Windows na R, andika dxdiag, soma jina la kadi kwenye Display. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter ujue draiva haipo kabisa, fungua kasha usome stika ya kadi. Halafu nenda tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe uchague modeli yako, watakayokupa ndo hiyo hiyo. Zile programu za matangazo eti zinaapdeti draiva zote achana nazo. Draiva ya zamani ikikwama, itoe na DDU (programu ya kufutia draiva za kadi ya picha) ukiwa Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, na uchomoe intaneti kwanza maana Windows hukimbilia kuweka yake.

Ila mistari ikitokea kwenye skrini hata kabla Windows haijawaka, hiyo sio draiva, angalia kutu kwenye pini za kadi, chumvi ya huku pwani mnaijua.