Sehemu ya Lugha ya GRE: Yanayosemwa Mitaani na Yaliyo Kweli

Anayetaka kusoma shahada ya uzamili au uzamivu Marekani bado anaweza kuukuta mtihani wa GRE kwenye masharti ya udahili. Programu nyingi ziliuacha mtihani huu tangu janga la UVIKO-19 na nyingine zimeufanya wa hiari, kwa hiyo kabla ya kununua kitabu chochote soma ukurasa wa udahili wa idara unayoiomba. Ada yake inazidi dola 200, si fedha ya kuchezea.

Ukikuta wanautaka, ushauri wa kwanza kukufikia mara nyingi hautoki ETS, taasisi inayoutunga. Unatoka kwenye kundi la WhatsApp, na unakuja na faili la maneno elfu kadhaa na agizo la kuyameza yote. Sehemu kubwa ya ushauri huo inahusu mtihani ambao haupo tena.

Dhana: ukimeza orodha ya maneno, umemaliza kazi

Zamani dhana hii ilikuwa na miguu ya kusimamia. Mpaka katikati ya mwaka 2011, sehemu ya lugha ilikuwa na maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno. Unapewa neno peke yake, halina sentensi wala mazingira, utaje kinyume chake. Hapo aliyebukua orodha alivuna. Agosti 2011 maswali hayo yakaondolewa, na skeli ya alama ikabadilika kutoka 200–800 kwenda 130–170. Kaka au dada anayekusimulia kwamba alipata 620 kwenye lugha anasema kweli, ila alifanya mtihani mwingine.

Leo kila neno linaulizwa likiwa ndani ya sentensi. Kuna maswali ya kujaza mapengo, na kuna ya kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi moja maana inayofanana. Takriban nusu ya sehemu hii ni ufahamu, yaani kusoma kifungu na kujibu. Tangu Septemba 2023, mtihani ulipofupishwa na kuwa chini kidogo ya saa 2, lugha ina maswali 27 tu: 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23.

Tazama sentensi hii, niliyoitunga kwa mtindo wao:

*Far from being ____, the minister's remarks were so heavily qualified that no one left the hall knowing what had been promised.*

Majibu ya kuchagua: forthright, evasive, eloquent, hostile, erudite.

Mtahiniwa aliyemeza orodha anaona "erudite" na moyo unaruka, maana hilo analijua. Mwingine anaona habari ya waziri aliyewaacha watu hewani, anakimbilia "evasive", yaani mwenye kukwepakwepa. Wote wawili wamekosa. "Far from being" inageuza sentensi nzima: maneno ya waziri hayakuwa kile kilichomo kwenye pengo, bali kinyume chake. Tunatafuta sifa ambayo waziri hakuwa nayo, nayo ni "forthright", kusema waziwazi bila kuzunguka. Kuna mtego mwingine katikati, "qualified". Sote tumelijua tangu shuleni kwa maana ya mwenye sifa za kazi. Hapa lina maana ya kauli iliyowekewa masharti na mipaka mpaka ikakosa makali.

Ndiyo tabia ya mtihani huu. Maneno yanayowaangusha watu wetu mara nyingi ni yale waliyoyafahamu zamani kwa maana moja, wasijue kwamba yana ya pili. "Check" ni kuzuia. "Arrest" ni kusimamisha jambo lisiendelee, hakuna polisi hapo. "Want" ni upungufu. "Flag" ni kuishiwa nguvu. "Pedestrian" ni kitu kilichopooza, kisicho na ubunifu. "Sanction" linaweza kuwa kuidhinisha na linaweza kuwa kuadhibu, na sentensi peke yake ndiyo itakayokuambia ni lipi. Ni rahisi kuyaruka maneno kama haya kwa sababu hayaonekani magumu.

Sisemi msamiati hauna kazi. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida ya Kiingereza, anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Hakuna orodha itakayokufikisha huko kwa miezi mitatu. Orodha ya maneno mia chache yanayorudi mara kwa mara ni mwanzo mzuri. Mengine yatatoka kwenye kusoma, na kusoma kwenyewe kuwe ni kwa maandishi yanayojenga hoja: makala ndefu za magazeti ya uchambuzi, insha, mapitio ya vitabu, habari za sayansi zilizoandikwa kwa wasio wanasayansi.

Dhana: kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inatosha

Inatosha kukufikisha mlangoni. Chukua "skeptical", "incredulous" na "cynical". Mtu mwenye haraka ataandika kwenye daftari "mwenye shaka", "mwenye shaka", na "mwenye shaka" kwa mara ya tatu. Kwenye mtihani, mmoja anasubiri ushahidi kabla ya kukubali, wa pili ameshindwa kabisa kuamini alichoambiwa, wa tatu anaamini kila mtu anafuata maslahi yake. Swali linaweza kusimama juu ya tofauti hiyo tu.

Udhaifu huu hauko kwenye Kiswahili. Mgeni anayejifunza lugha yetu kwa kamusi ya Kiingereza atakuta kukejeli, kudhihaki na kufanya stihizai vyote vimeandikiwa "mock", naye atakwama vilevile. Tafsiri ya neno moja kwa neno moja hupoteza uzani wa neno, hupoteza linasemwa kwa sifa au kwa lawama, linamhusu mtu au jambo. Kwa hiyo anza na Kiswahili ukipenda, kisha fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, usome mifano ya sentensi, na unakili mmoja. Kikadi chenye neno na tafsiri bila sentensi ni kikadi nusu.

Dhana: kwenye maswali ya maneno mawili, tafuta visawe uondoke

Swali linakupa sentensi moja, pengo moja, na maneno sita, uchague mawili. Ujanja unaouzwa ni kutazama yale sita, kukamata jozi ya visawe, na kusonga mbele bila kusoma sentensi. Watungaji wanaujua ujanja huo. Huweka jozi ya visawe ambayo haiingii kabisa kwenye sentensi, na majibu sahihi yanaweza kuwa maneno mawili ambayo si visawe kamili lakini yakiingia kwenye pengo yanaleta maana ileile. Soma sentensi kwanza, weka neno lako mwenyewe kwenye pengo, hata la Kiswahili, ndipo ushuke kwenye majibu. Ukipata moja sahihi na moja kosa, hakuna nusu alama.

Dhana: ukijua mizizi ya Kilatini na Kigiriki utabashiri neno lolote

"Enervate" linanukia nguvu. Maana yake ni kudhoofisha. "Noisome" halina uhusiano na kelele, ni chenye kunuka au kuchukiza. "Restive" ni asiyetulia. Mizizi inasaidia kulikumbuka neno ulilokwisha kujifunza. Kulibashiri usilolijua ni kamari.

Dhana: kwenye ufahamu, anayesoma kwa kasi ndiye anayeshinda

Kozi za kusoma kwa kasi zinauzika kweli. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Keith Rayner na wenzake walichapisha mapitio marefu ya tafiti za jambo hili, na walichokikuta hakikuwapendeza wauzaji: kadiri kasi inavyopanda kupita kiwango cha kawaida, uelewa unashuka. Kinachomfanya mtu asome upesi na aelewe ni kuijua lugha yenyewe vizuri.

Vifungu vingi vya GRE ni vya aya moja. Vimebanwa, na kila sentensi ina kazi yake. Muda mwingi haupotei kwenye kusoma. Unapotea kwenye kurudi mara ya nne kwa sababu mara ya kwanza hukushika nani anadai nini. Kwa hiyo katika mazoezi jiulize jambo moja kwa kila sentensi: imekuja kufanya nini? Inaleta dai, inatoa ushahidi, inakiri udhaifu, inampinga mwingine? Maneno madogo ndiyo yanayokuonyesha: "however", "although", "ostensibly", "merely", "at best". Nimewaona wengi wakipigia mstari majina ya kitaalamu na kuyaruka haya, ilhali jina la kitaalamu mara nyingi halihitaji hata kueleweka.

Pamoja na hiyo huja imani kwamba ukipata kifungu cha fani yako umeokoka. Vifungu hutoka katika sayansi, historia, sanaa, biashara na kwingineko, na vimetungwa ili jibu lipatikane ndani ya kifungu. Kuijua mada kunaweza hata kukuponza. Fikiria kifungu kuhusu miji ya kale ya pwani yetu, Kilwa kwa mfano. Mwandishi anaeleza kwamba watafiti wa zamani waliyapa uzito mno majengo ya mawe ya matumbawe kwa kuwa ndiyo yaliyosalia, wakazisahau nyumba za udongo na miti ambazo zilikuwa za wakazi wengi. Swali: mwandishi anadokeza nini kuhusu watafiti hao? Mtu wa pwani aliyelelewa na masimulizi ya Washirazi analiona jibu linalotaja wageni kutoka Uajemi, analijua, lina historia yake, analichagua. Kifungu hakikusema lolote kuhusu Uajemi. Jibu linaweza kuwa kweli duniani na kosa kwenye karatasi.

Yapo pia maswali yenye majibu matatu ambapo sahihi linaweza kuwa moja, mawili, au yote matatu. Hapo usilinganishe jibu na jibu. Pima kila moja kivyake dhidi ya kifungu, kama maswali matatu ya ndiyo au hapana.

Dhana: nilisoma sekondari na chuo kwa Kiingereza, au nilifanya vizuri TOEFL, kwa hiyo hii ni rahisi

TOEFL inapima kama unaweza kuishi darasani kwa Kiingereza: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. GRE inafanywa na Wamarekani wenyewe na wengi wao inawatoa jasho. Haina kusikiliza wala kuzungumza, na alama zake kwa kawaida hazichukui nafasi ya uthibitisho wa lugha chuo kinapouhitaji. Kuhusu Kiingereza cha shuleni: madesa na vitabu vya kiada vinaeleza. Vinakuambia kitu ni nini. Vifungu vya mtihani huu vinabishana, na aliyezoea kuelezwa huchukua hoja inayopingwa akadhani ndiyo ya mwandishi.

Dhana: rudia kusoma daftari mpaka maneno yaingie

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia mfululizo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na wale waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye waliosoma tena walikuwa mbele. Wiki moja baadaye waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Huo ndio ulaghai wa daftari: ukilisoma usiku unaona umelishika, asubuhi ya mtihani limekwenda. Funika maana, jilazimishe kuitoa kichwani, ukosee, ndipo ufunue. Programu ya simu kama Anki hukupangia siku za kurudia, na vipande vya boksi la karatasi vilivyokatwa kwa mkasi hufanya kazi ileile.

Dhana: usilolijua liache wazi, na anza taratibu ili sehemu ya pili iwe rahisi

Hakuna alama inayokatwa kwa jibu la kosa. Usiache kitu wazi. Lakini pima muda wako: swali la mapengo matatu, kila pengo lina majibu matatu, lina michanganyiko 27 na huipati alama mpaka yote yawe sahihi. Likikushinda, weka jibu, litie alama, endelea. Unaruhusiwa kulirudia kabla muda wa sehemu hiyo haujaisha. Ni kweli kwamba ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Kujikosesha makusudi ili upewe rahisi ni kujinyima, maana ukokotoaji wa alama unazingatia pia ugumu wa maswali uliyopewa.

Dhana: una nafasi moja tu, na mazoezi mazuri ni ya kulipia

Unaweza kurudia baada ya siku 21, hadi mara 5 ndani ya miezi 12, na unaweza kuchagua ni matokeo ya siku ipi yapelekwe chuoni. Alama hudumu miaka 5. ETS wanatoa majaribio mawili ya bure ya POWERPREP mtandaoni, na hayo ndiyo yanayofanana zaidi na mtihani kwa sababu watungaji ni walewale. Kosa ni kuyamaliza yote wiki ya kwanza kwa udadisi. Fanya moja mwanzoni kwa muda kamili, simu imezimwa. La pili liache mpaka wiki mbili au tatu kabla ya siku yako. Baada ya kila jaribio, pitia ulivyokosa na uandike sababu mbele ya kila swali: neno sikulijua, sentensi sikuifuata, au muda ulinibana. Sababu ya pili, ya sentensi, ikijirudia mara nyingi kuliko ya kwanza, weka vikadi pembeni kwa wiki nzima, usome makala moja kila siku na kuandika chini yake, kwa Kiswahili, mwandishi anapinga nini.