Tanzia-futuhi: picha inayomliza huyu na kumchekesha yule

Kilichotugawanya ilikuwa saa ya ukutani. Ilikuwa Jumapili jioni, nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Nyakato hapa Mwanza, na picha nilileta mimi. Ilikuwa filamu ya kutoka Ulaya ya kaskazini, yenye maandishi ya chini, inayomhusu mzee wa kiwandani anayeachishwa kazi. Siku ya kumuaga anakabidhiwa saa kubwa ya ukutani. Anarudi nayo nyumbani kwa basi, ameipakata kama mtoto, na katikati ya safari saa inaanza kulia. Inalia mara 11. Abiria wanatazama mbele. Yeye naye anatazama mbele. Hakuna anayetamka neno, na kamera haisogei mpaka mlio wa mwisho uishe.

Binamu yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa pindo la kanga. Jirani tuliyemkaribisha aliuliza kama mpira umeshaanza, akavaa ndala zake, akaondoka.

"Mama, hii ni komedi, sasa unalia nini?" binamu akauliza.

"Komedi ya nani? Mtu kafukuzwa kazi hapo, wewe unacheka."

Nilijaribu kueleza usiku ule, sikueleza vizuri. Naandika hapa kwa utulivu, kwa sababu nadhani hakuna aliyekosea kati yao, na kwa sababu picha ya namna ile ina jina lake kwa Kiswahili: tanzia-futuhi. Wengine huandika tanzia-ramsa.

Tuyatenganishe maneno. Tanzia mitaani kwetu ni tangazo la kifo, lile linalosomwa redioni watu wakanyamaza kusikia ni wa ukoo gani. Kwenye fasihi, tanzia ni kazi inayomfuata mhusika hadi kwenye anguko lake, nasi tunabaki na simanzi. Futuhi, watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa. Kundi la vichekesho lililorushwa na Star TV kutoka hapahapa jijini lilijiita hivyo. Ni kazi ya kuchekesha. Ukiunganisha majina hayo mawili unapata kazi ambayo huzuni na kichekesho vimo ndani ya tukio lilelile. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Si picha yenye nusu saa ya kulia ikifuatwa na nusu saa ya kucheka, kama zile ambazo msiba ukiisha anaingia mlevi wa kijiji kuchangamsha watu. Kwenye tanzia-futuhi saa ile ndiyo inayochekesha, na saa ileile ndiyo inayoumiza.

Jina lenyewe ni la kale. Plautus, mwandishi wa michezo wa Roma aliyeishi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, aliliunganisha kwa Kilatini alipoweka miungu na watumwa kwenye mchezo mmoja, akaona hauwezi kuitwa tanzia wala komedi. Kwake ilikuwa suala la nani yumo jukwaani. Kwetu leo ni suala la kile mtazamaji anachohisi, na hilo ni gumu zaidi.

Ugumu unaongezeka picha inapokuwa tulivu. Fikiria ni mara ngapi picha za kawaida zinakuelekeza. Muziki ukishuka, unajua mtu atakufa. Ngoma ikipiga haraka, stelingi anakuja kulipiza. Kwenye vichekesho vya televisheni huwekwa hadi vicheko vya kurekodiwa. Fundi wa sauti wa Marekani, Charley Douglass, alitengeneza mashine ya kazi hiyo miaka ya 1950, ili mtu aliye peke yake sebuleni aambiwe mahali pa kucheka. Picha tulivu inaondoa vyote hivyo. Mwigizaji anasema maneno mazito kwa sauti ya kuagiza chai. Anaanguka, anainuka, uso uleule. Mchekeshaji wa Marekani, Buster Keaton, alifanya hivyo tangu enzi za filamu zisizo na sauti, miaka ya 1920: nyumba zinamwangukia, uso haujikunji.

Uso usiosema kitu unafanya kazi gani? Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya mwigizaji ambaye uso wake haukuonyesha hisia yoyote, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti jenezani. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, kisha alivyoonyesha majonzi, na uso ulikuwa mmoja. Njaa na majonzi waliviweka wenyewe.

Sasa rudi Nyakato. Mzee wa kwenye basi hakuonyesha chochote, basi kila mmoja wetu akampa alichokuwa nacho. Marehemu mjomba, mume wa shangazi, alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara baada ya miaka mingi ya kusimama kwenye baridi na buti za mpira. Siku ya mwisho alipewa fulana yenye maandishi kifuani. Shangazi anayo mpaka leo, ndani ya sanduku. Saa ilipolia ndani ya basi, yeye aliona fulana. Binamu ni mtoto wa baba huyohuyo, lakini alikuwa darasa la 2 wakati ule. Anachokumbuka yeye ni baba akiwa nyumbani mchana, wakicheza. Aliona mtu mzima na saa yenye makelele. Mambo haya siku hizo hayakunijia kichwani nilipokuwa nachagua picha, na yalipaswa kunijia.

Hata mabingwa hawakubaliani. Mwaka 1904 tamthilia ya mwisho ya Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, ilipanda jukwaani Moscow, na mwenyewe alikuwa na hakika ni komedi. Mwongozaji Konstantin Stanislavski aliisoma akalia, akaiongoza kama tanzia. Chekhov alilalamika, na alifariki mwaka huohuo. Zaidi ya miaka 120 imepita, na wanaoigiza tamthilia ile bado wanachagua upande.

Kuna pia suala la unatazama na nani. Mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyechunguza vicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba mtu hucheka karibu mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Kwenye kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyesha picha, hili linaonekana wazi: mmoja akianza nyuma, benchi zima linafuata. Lakini kibanda kina jambo lingine, na ninalisema kwa heshima kwa sababu nimekulia humo. Picha nyingi tulizoziona Mabatini na Igoma tuliziona kupitia mtafsiri, mtu wa aina ya Lufufu, anayeingiza sauti yake juu ya picha, anawapa wahusika majina, anawatania, anaeleza. Kazi ile ni sanaa kamili. Ila mtafsiri hapendi kimya. Kimya ni nafasi yake ya kuongea. Mpe mzee wa saa, naye angemfanya atukane abiria wote hadi kituo cha mwisho, na benchi lingecheka kweli. Ingekuwa futuhi tupu. Tanzia ingebaki kwenye kimya kilichofunikwa.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema watu wa kwetu hawana uzoefu na hisia hizi mbili kwa pamoja. Tunao, tena wa zamani kuliko filamu. Nenda msibani ambako watani wamefika. Kwenye msiba wa babu yetu mmoja kule Magu, mjukuu wake, ambaye kwa desturi ni mtani, alivaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita kwenye mkeka wa wazee akidai madeni kwa sauti ya babu mwenyewe. Aliiga hadi kikohozi. Wajane walicheka, na palepale katikati ya kicheko mmoja akaangua kilio, kwa sababu kikohozi kile kilikuwa chenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini analia au kwa nini anacheka. Hiyo ndiyo tanzia-futuhi, na walioifanya hawakuhitaji jina lake.

Tofauti ni kwamba msibani ruhusa imeshatolewa. Mtani anajulikana, kila mtu anajua sheria, ni mwiko kumkasirikia. Filamu tulivu haitoi ruhusa. Inakuacha kwenye kiti ukijiuliza kama kucheka ni ukatili, na wengine wanachoka na swali hilo, wanaondoka. Simlaumu jirani.

Jambo moja la kuangalia unapotumia neno hili: si kila picha ya polepole ni tanzia-futuhi. Zipo zilizopooza tu, mwandishi hakuwa na la kusema, kamera ikasahauliwa mahali. Mimi hupima hivi. Natafuta kitu kimoja kwenye tukio, saa, koti, buti, kisha najiuliza: kitu hiki kikiondolewa, kichekesho kinakufa? Na huzuni je? Vikifa vyote pamoja, nipo mahali penyewe. Kikifa kimoja tu, ni tanzia yenye utani pembeni, au futuhi yenye kilio mwishoni, nazo ni kazi halali zenye majina yake.

Wala makelele ya watazamaji hayawezi kuwa kipimo. Kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kuja kumzunguka, na kwa ngoma hicho ni kipimo safi. Picha ya mzee na saa ingeshindwa kabla ya saa 4 asubuhi.

Wiki mbili baadaye shangazi alinipigia simu, akaniambia niirudishe ile picha. Tulikaa wawili tu. Tulipofika kwenye basi alitulia, mikono mapajani. Saa ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya saba nikasikia pumzi ikimtoka puani, kisha bega lake likaanza kutikisika.

"Mjomba wako," akasema, "ile fulana ilikuwa inambana. Alikuwa anaivaa hivyohivyo, kitovu nje."

Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, mlio ulikuwa umempita.