Zero dropu si kiatu chembamba jamani

Mtu akiuliza avae kiatu gani kwenye ultra ya milimani, hakosi mmoja wa kumwambia "we usichukue zero dropu, utasikia kila jiwe", na pembeni yupo wa kuitikia, "eeh, zile ni kama kukimbia peku tu". Nimenyamaza weee, sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Tumalize maana fasta. Dropu ni tofauti ya kimo kati ya kisigino chako na sehemu ya mbele ya unyayo ukiwa ndani ya kiatu, inapimwa kwa milimita. Chini ya kisigino kukiwa na soli ya milimita 32 na mbele 22, dropu ni 10. Kukiwa sawa huku na huku dropu ni sifuri, ndo hiyo zero dropu. Na ultra ni mbio yoyote inayozidi marathon, yaani inayopita kilomita 42.195, iwe ya kilomita 50 au ya maili 100. Basi.

Sasa iangalie vizuri hiyo hesabu. Ni hesabu ya kutoa, na ukishatoa zile namba mbili za mwanzo huzioni tena. 33 toa 33 ni sifuri, na 5 toa 5 ni sifuri vilevile. Kwahiyo mtu akikwambia kiatu fulani ni zero dropu, kuhusu unene wa soli hajakwambia kitu chochote, hata robo. Unene una jina lake, unaitwa staki, na hiyo staki ndo inayoamua kama jiwe utalisikia au hulisikii. Panda juu ya tofali usimame unyayo mzima: kisigino na vidole viko kimo kimoja, dropu sifuri, ila wewe uko juu ya tofali.

Na sio mambo ya kufikirika, viatu vyenyewe vipo madukani. Altra ni kampuni ya Marekani ambayo jina lake na zero dropu karibu ni kitu kimoja. Lone Peak yao, ambayo wakimbiaji na wapanda milima wengi wanaijua, ina soli ya milimita kama 25 kisigino na 25 mbele. Wana nyingine inaitwa Olympus, hiyo inazidi 30 kote kote, ni minene kabisa na ni zero dropu. Halafu chukua Salomon Speedcross, kiatu maarufu cha matope chenye yale meno marefu, dropu yake ni 10, toleo la sita lina 32 kisigino na 22 mbele. Umeona kilichotokea hapo? Yule aliyekimbia zero dropu kwa kuogopa mawe, akaenda kuchukua Speedcross, sasa chini ya vidole ana milimita 22, wakati mwenye Lone Peak ana 25 na mwenye Olympus anazidi 30. Na kwenye mlima, hasa ukipanda, unakanyagia mbele. Kakimbia mvua kaenda kusimama chini ya mfereji wa bati.

Mkanganyiko una chanzo chake, na siwalaumu watu sana. Miaka ile ya 2009, 2010, kulikuwa na wimbi kubwa la kukimbia peku huko Marekani na Ulaya, kila mtu anataka kukimbia "kiasili". Vibram wakauza sana vile viatu vyao vya vidole vitano, FiveFingers, vinavyofanya mguu uonekane kama wa chura. Vile kweli ni zero dropu, na kweli ni vyembamba, vyote viwili kwa pamoja. Kipindi hichohicho watu wakawa wanasimuliana habari za Wararámuri wa Mexico, kabila la kwenye makorongo ya Chihuahua wanaokimbia na ndala za tairi, ambao mwaka 1993 mmoja wao, Victoriano Churro, akiwa na miaka 55, alishinda mbio za maili 100 za Leadville kule Colorado. Ndala ile ni dropu sifuri na staki ndogo, sawasawa na katambuga zetu wanazovaa Wamasai, wenzetu Kenya wanaziita akala, tairi ni tairi. Kwahiyo sifa mbili zikaingia mjini siku moja zimepanda basi moja, na watu wakadhani ni mtu mmoja. Baadaye Vibram walishtakiwa kwa madai ya afya waliyokuwa wanayatangaza, na mwaka 2014 wakakubali kumaliza kesi kwa kulipa dola milioni 3.75, wimbi likapoa. Ila lile neno likabaki na harufu ya peku.

Wakati huohuo kulikuwa na kitu tofauti kabisa kinaendelea. Kijana mmoja, Golden Harper, alikuwa anauza viatu kwenye duka la familia yao kule Orem, jimbo la Utah. Akaona viatu karibu vyote vya kukimbilia kisigino kiko juu kuliko vidole, dropu 10, 12 na kuendelea. Akawa anavitia kwenye kijioveni cha kuokea mkate ili gundi ilainike, anabandua soli, anaweka sponji iliyo sawa kisigino mpaka mbele, anabandika tena. Wateja wakazipenda, mwishowe ikawa Altra, viatu vyao vikaingia sokoni 2011. Soma tena hapo: hakuondoa sponji akamwacha mtu na karatasi, aliisawazisha. Nia yake ilikuwa kuondoa mwinuko, sponji hakuwa na ugomvi nayo.

Na upande wa pili, Ufaransa, pale Annecy, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard waliokuwa wanafanya kazi Salomon walianzisha kampuni ya viatu ya Hoka mwaka 2009. Wao wakajaza sponji mpaka watu wakacheka. Ukiitazama Hoka unasema hii lazima kisigino kiko ghorofani, kumbe nyingi dropu yake ni 4 au 5 tu. Yaani minene na karibu iwe tambarare. Kama unene na dropu vingekuwa kitu kimoja, Hoka isingewezekana kuwepo.

Halafu kuna mkorogo wa pili, huu unaniudhi kidogo zaidi kwa sababu wanaoufanya ni wanaojua jua. Wanasema "zero dropu ni nzuri kwa ultra kwa sababu vidole vinapata nafasi". Hapana bwana. Upana wa sehemu ya vidole ni jambo la tatu, halihusiani na dropu wala staki. Limeunganishwa tu kwa kuwa Altra wanafanya yote mawili, kiatu tambarare na mbele kipana kinachofuata umbo la mguu. Topo, kampuni nyingine ya viatu, wana viatu vipana mbele na dropu 5 na maisha yanaendelea. Na hata Altra wenyewe siku hizi wanauza baadhi ya viatu vyenye dropu 4, na mbele bado ni vipana. Kwenye ultra huo upana ni muhimu sana, mguu unavimba baada ya masaa mengi, ndo maana wengi wanapanda nusu saizi au saizi nzima. Ila usiusifie dropu kwa kazi iliyofanywa na upana.

Haya, dropu yenyewe inafanya nini basi? Inahamisha mzigo. Kisigino kikiwa chini, vigimbi na ule mkano wa nyuma ya kisigino vinavutwa zaidi na kufanya kazi zaidi, kisigino kikiinuliwa mzigo unasogea kuelekea goti. Hakuna kiatu kinachofuta mzigo, ni kuchagua nani aubebe. Mwenye magoti yanayolalamika anaweza kufurahia dropu ndogo, mwenye historia ya mkano kuuma aende taratibu sana au abaki na 8 yake kwa amani. Na mtu aliyevaa dropu 10 maisha yake yote akanunua zero wiki mbili kabla ya mbio ya kilomita 80, kigimbi kitamwambia ukweli kwenye kilomita ya 30 hivi, tena mlimani, na hapo atasema "zero dropu mbaya". Mbaya ni haraka yake. Unazoea kwa miezi, unaanza na mizunguko mifupi, siku nyingine unarudia kiatu cha zamani.

Na milimani kuna kitu watu hawakipigi hesabu kabisa. Kutoka kisigino mpaka pale mbele unapokanyagia ni kama sentimita 15 kwa mguu wa kawaida wa mtu mzima. Dropu ya milimita 10 hapo ni mteremko wa karibu asilimia 7. Sasa chukua UTMB, ile ultra inayoanzia Chamonix na kuuzunguka Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, ni kilomita zaidi ya 170 na kupanda kwa jumla ya mita kama 10,000. Tuseme nusu ya njia ni kupanda, wastani wake unafika kama asilimia 12. Ukiwa unapanda, mlima unainua vidole vyako milimita 18 juu ya kisigino, dropu ya 10 inakurudishia 10, unabaki na 8, kigimbi kinapumua kidogo. Ukiwa unashuka ni kinyume, 18 za mlima jumlisha 10 za kiatu, kisigino kiko juu milimita 28 na vidole vinasukumwa mbele vigonge kiatu, ndo zile kucha nyeusi. Mwenye zero dropu yeye ana 18 kupanda na 18 kushuka. Kwahiyo kiatu kilekile kinakusaidia nusu ya siku na kukusumbua nusu nyingine, na ukisikia mtu anasema dropu fulani "ndo ya ultra" ujue hajauliza ultra gani. Comrades kule Afrika Kusini ni lami na karibu kilomita 90, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mengine ya kuchagua kiatu napita nayo mbio. Meno ya soli, milimita 4 au 5 yanatosha kwa mchanganyiko wa vumbi na mawe, matope ya masika pale miguuni mwa Meru yanataka marefu zaidi na yaliyoachana ili udongo udondoke. Njia ya mawe makali tafuta kiatu chenye kibamba kigumu katikati ya soli. Kamba na kisigino vishike, kwa sababu kinachotembea ndani ya kiatu kinakuwa lengelenge. Na usikimbie mbio ndefu na kiatu kipya cha jana, hilo hata bibi anajua.

Kuhusu kupima kwa macho, hasa sisi wa mitumba, wa Memorial pale Moshi na Karume Dar. Usiamini ubavu wa kiatu. Viatu vingi siku hizi mguu unazama ndani na kuta za sponji zinapanda juu kando, kwa nje unaona unene ambao chini ya mguu haupo. Toa ile soli ya ndani, weka kidole gumba ndani na vidole vingine chini, bana pale mbele, kisha bana kisigino, utapata picha. Na mtumba uliokimbiwa sana sponji imeshalala, mara nyingi kisigino kimelala kuliko mbele, namba iliyoandikwa mtandaoni ilikuwa ya kiatu kipya.

Hata kwa kipya hizo namba zina utata, kampuni nyingine inahesabu na soli ya ndani, nyingine haihesabu, kwahiyo tofauti ya milimita moja au mbili kati ya kampuni na kampuni usiipiganie.

Ukiwa huwezi kukumbuka yote haya, kumbuka kuuliza maswali mawili badala ya moja. Muuzaji akisema "hii ni zero dropu kaka", mwambie sawa, asante, na mbele kuna milimita ngapi? Akijibu 25 au 33 ndo sasa mnaongelea unene. Na kama unachotaka kusema ni kwamba kiatu ni chembamba, sema tu ni chembamba, Kiswahili kinatosha hapo.