Wastani wa muda mrefu: namna ya kujua kama joto la mji wa pwani linapanda kweli

Anayesema "mwaka huu joto limezidi" huwa analinganisha na kumbukumbu yake, na kumbukumbu huhifadhi siku mbili tatu zilizochoma na kuziacha nyingine zipotee. Wataalamu wa hali ya hewa hulinganisha na wastani wa muda mrefu, yaani wastani wa vipimo vya miaka 30 mfululizo katika kituo kile kile, kwa mwezi au msimu ule ule. Utabiri wa msimu unapotaja "juu ya wastani" au "chini ya wastani", wastani wenyewe ndio huo.

Kwa nini 30? Msimu mmoja huvutwa huku na huku na mambo mengi: El Niño na La Niña (vipindi ambavyo maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto au kupoa kuliko kawaida), wingi wa mawingu, hata volkano. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, vumbi na gesi yake vilipoza dunia kwa karibu nusu digrii mwaka uliofuata. Anayeanza hesabu yake mwaka 1992 na kuimalizia kwenye mwaka wa El Niño ataona joto limepanda kuliko lilivyopanda. Miaka 30 hupunguza nguvu ya miaka ya namna hiyo.

Wastani unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020, na husogezwa kila baada ya miaka 10. Hapa ndipo wasomaji wengi wa takwimu huteleza. Wastani ukisogezwa, na joto lilikuwa likipanda, wastani wenyewe nao unapanda. Msimu unaotangazwa leo kuwa "wa kawaida" unaweza kuwa ule ambao miaka ya sabini ungeitwa wa joto kali. Kwa sababu hiyo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeuacha wastani wa 1961 hadi 1990 uendelee kutumika kama kigezo cha kupimia mabadiliko ya tabianchi. Kabla ya kuamini namba yoyote ya "juu ya wastani", uliza ni wastani wa miaka ipi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila siku kituo huandika halijoto ya juu kabisa na ya chini kabisa. Tuseme leo ni nyuzi joto 32.4 na 24.6, ukizijumlisha na kugawa kwa mbili, wastani wa siku ni 28.5. Siku hufanya mwezi, miezi hufanya msimu. Msimu ukipata 28.7 na wastani wa muda mrefu ni 28.1, tofauti ni 0.6 juu. Andika tofauti ya kila mwaka kwenye jedwali la kompyuta, zichore kama nukta kwenye grafu, tafuta mteremko wa mstari unaopita katikati ya nukta, yaani kiasi unachopanda au kushuka kwa mwaka mmoja, kisha uzidishe kwa 10: hiyo ndiyo kasi ya joto kwa kila miaka 10. Fanya hivyo mara mbili, kwa halijoto za juu peke yake na za chini peke yake. Faida ya kuzitenganisha tutaiona.

Kusini mwa ikweta, ambako joto huanza Desemba na kuishia Februari, kuna kosa moja linalojirudia sana: kuchukua Januari, Februari na Desemba za mwaka mmoja wa kalenda. Hizo ni nusu za misimu miwili tofauti. Desemba ya 2015 inakwenda na Januari na Februari za 2016. Miezi yenye mapengo nayo huachwa: siku 11 zikikosekana, au 5 mfululizo, wastani wa mwezi huo haukokotolewi.

Hesabu sahihi haiokoi kipimo kibovu. Kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za mshazari zinazopitisha hewa na kuzuia jua, kimo cha mita 1.25 hadi 2 juu ya majani mafupi, mbali na kuta na lami. Kipimajoto cha halijoto ya chini kina pombe ndani, na kijiti kidogo kinachovutwa kurudi nyuma hewa inapopoa. Pombe ikikatika na sehemu yake ikanasa juu ya mrija, usomaji unashuka kuliko hali halisi, na usiku wa miezi kadhaa unaandikwa baridi ambayo haikuwapo. Saa ya kusoma nayo ina neno. Kipimajoto cha halijoto ya juu hubaki kwenye kilele kilichofikia mpaka kisomwe na kurudishwa kwenye joto la wakati huo; kikirudishwa alasiri, hewa ikiwa bado moto, joto la leo linaweza kuhesabiwa tena kesho, hata kama kesho itapoa.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kituo kuhama. Vituo vingi vilianza katikati ya mji vikahamishiwa uwanja wa ndege, au vimebaki palepale na mji ukavizunguka. Tofauti ya mita mia chache kutoka ufukweni inatosha kubadilisha usomaji. Njia ya kuitambua ni kukilinganisha kituo na majirani zake: kikiruka ghafla nusu digrii mwaka mmoja na majirani wasiruke, si tabianchi, ni kituo. Chombo kipya kinapoletwa, kiwekwe kando ya cha zamani na vyote visomwe kwa walau mwaka mzima kabla cha zamani hakijaondolewa. Bila hivyo, hakuna atakayejua baadaye kilichobadilika ni hewa au chombo.

Sasa bahari. Maji hupata joto polepole na hulipoteza polepole. Mchana nchi kavu inapochemka, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi: ndio upepo wa bahari, unaozuia halijoto ya adhuhuri isipande mno karibu na pwani. Kwa hiyo anayetafuta ongezeko katika rekodi za mchana peke yake anaweza kuondoka akisema hakuna kilichobadilika. Usiku ndio unaosema zaidi. Bahari yenye joto huizuia hewa kupoa, na saruji na lami za mji hutoa joto lililohifadhiwa mchana. Mara nyingi mstari wa halijoto za chini ndio unaopanda waziwazi, na mwili unaokosa usiku wa kupumzika huumia hata kama mchana haukuvunja rekodi.

Unyevu wa hewa huongeza mzigo. Kila digrii moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke takribani asilimia 7 zaidi, na jasho haliwezi kukauka kwenye hewa iliyojaa. Kwa jedwali la joto linalohisiwa la idara ya hali ya hewa ya Marekani, nyuzi 31 kwenye unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama 31 hivi. Kwenye asilimia 80 huhisiwa kama 41. Kipimajoto kinasoma namba ileile siku zote mbili.

Kwa dunia nzima jibu linajulikana: kati ya 2011 na 2020 nchi kavu ilikuwa na joto la nyuzi 1.59 zaidi ya kipindi cha 1850 hadi 1900, na uso wa bahari 0.88. Mji wa pwani uko mpakani mwa hayo mawili, tena una joto la majengo yake juu yake. Ili kulitenga hilo la majengo, chukua kituo cha pwani ileile kilicho nje ya mji na ulinganishe mistari miwili. Kinachopanda kote kuwili kimeletwa na hewa na bahari. Ziada ya mjini imeletwa na mji, na hiyo inaweza kupunguzwa kwa miti, mapaa meupe na njia zilizoachwa wazi kwa upepo wa bahari.