Je, wajua kwa nini wengi hujisajili kwenye kozi ya mtandaoni wasifike hata somo la kwanza?

Wanafunzi wakitoweka, mwalimu hulaumu masomo yake, au huwaita wavivu. Anarekodi video upya, anaongeza maswali, anashusha bei. Lakini watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua kozi za vyuo vikuu vya Harvard na MIT kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, katika utafiti uliotoka 2019, walikuta asilimia 52 ya waliojisajili hawakuingia ndani ya kozi kabisa. Hawa hawakuchoshwa na video, hawakuiona. Ugumu wa maswali haukuwafukuza, maana hawakuyafikia. Mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa kama asilimia 3, na miongoni mwa waliolipia cheti, 46. Ada huenda inasaidia, ingawa anayelipa kwa kawaida amekuja na nia tayari.

Wengi hupotea kati ya kujisajili na kuanza. Fikiria Old Taxi Park, kituo cha magari ya abiria Kampala. Magari yamebanana, ila mgeni anayekwenda Jinja hapotei: anasikia “Jinja! Jinja!”, anaelekezwa mlangoni, anaketi. Hakuna anayempa orodha ya magari yote achague. Kozi nyingi hufanya kinyume. Ukishalipa unakutana na moduli zote, kalenda, fomu ya wasifu na kundi la majadiliano, vyote vikikuita kwa pamoja. Kila uamuzi ni nafasi ya kusema “nitarudi jioni”, na jioni hakuna anayekuita.

Kwa anayefundisha, tuseme, utunzaji wa hesabu za duka kwa Kiswahili hapa Uganda, njia inaanzia kwenye malipo. Mwanafunzi akilipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, papo hapo apokee SMS yenye kiungo kimoja kinachofungua somo la kwanza, bila nenosiri jipya. Somo liwe jepesi, kwani bando la intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kundi la wanafunzi lisiwe Facebook, iliyofungwa nchini Januari 2021. Kumtuma mtu atafute kwanza VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, ni kumpoteza. Wasifu na kalenda vingoje amalize somo hilo, na chini yake pawe na kitufe kimoja tu, cha somo la pili.

Kisha hesabu waliolipa, waliofungua somo la kwanza na waliofika la pili. Pengo kubwa likiwa kati ya malipo na somo la kwanza, rekebisha ile SMS. Video ziache kwanza.