Riwaya moja, uongo mmoja

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Kazi yangu ni kuirefusha ifike kurasa 280 bila msomaji kunishika.

Ninaandika riwaya za taharuki zenye mzizi katika sayansi. Mchana nafundisha fizikia sekondari hapa Jinja, usiku naandika, na kila nikitaja lugha ninayoandikia naulizwa: "Kiswahili? Nani atasoma?" Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndicho tulichoelewana nacho sisi watoto wa Kiacholi, Kisoga na Kilugbara tuliogombania bomba moja la maji. Nje ya kambi mambo yalikuwa mengine. Kwa wazee wengi wa Uganda lugha hii bado inanuka bunduki. Katiba iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katiba haimsahaulishi mtu aliyewahi kuamriwa "Shuka chini!" kwenye kizuizi cha barabarani. Kwangu huo ni mtaji. Nikimpa mhusika amri ya maneno mawili ya Kiswahili, msomaji wa hapa moyo unamruka kabla sijaeleza chochote.

Nina kanuni moja tu: kila riwaya ina haki ya uongo mmoja. Nikibuni kirusi kipya, basi maabara, umeme, foleni ya barabara ya Entebbe na bei ya boda boda vibaki kama vilivyo. (Neno lenyewe kirusi lina visa vyake. Nilianza sura kwa "Kirusi kimetoroka", mwanafunzi wangu akauliza lugha ya Moscow imekimbilia wapi.)

Riwaya yangu ya pili inaanzia Entebbe, na mahali pale hapakuhitaji nakshi. Taasisi ya utafiti wa virusi ilianzishwa mwaka 1936 kwa sababu ya homa ya manjano. Mwaka 1947 watafiti wake waliweka kima wa rhesus, jamii inayotoka Asia, ndani ya vizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, wawe chambo cha mbu. Kima nambari 766 akapandwa na homa. Katika damu yake kikapatikana kirusi ambacho sasa dunia nzima inakiita kwa jina la msitu ule. Hiyo 766 ilininyima usingizi. Ningekaa mwaka mzima nisingebuni jina la kutisha kuliko nambari ya mnyama aliyefungiwa juu ya mti.

Uongo wangu ulikuwa huu: sampuli ya kima mwingine iliwekwa kando, ikasahaulika. Katika rasimu ya kwanza umeme unakatika, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inazima, na shujaa ana dakika 20 kabla vichupa havijayeyuka. Nilijiona bingwa. Nikampa dada mmoja aliyewahi kuwa fundi maabara aisome. Akairudisha ile "dakika 20" imezungushiwa wino mwekundu.

"Kaka, kuna mtu amefungua mlango?"

"Hapana."

"Basi mwambie shujaa wako akale rolex, ile chapati ya mayai, kwanza, arudi."

Friza ya namna ile, alinieleza, ikiwa imejaa na mlango umefungwa, hupoteza ubaridi polepole, kwa saa nyingi. Kinachoiharibu haraka ni mtu mwenye wasiwasi anayeifungua kila mara kuangalia kama bado iko sawa. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaona amenipa riwaya nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Nilifuta dakika 20, nikaweka usiku mzima, jenereta isiyo na dizeli, na mlinzi mwoga mwenye ufunguo. Sasa hakuna haja ya bomu. Mlinzi akisogeza kiti tu, msomaji anabana pumzi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoficha rasimu kama mahari. Andy Weir, mhandisi wa programu kule Marekani, aliweka riwaya yake ya Mirihi sura moja moja kwenye tovuti yake, bure, na wasomaji wenye ujuzi wakamsahihisha kemia na hesabu. Mwandishi wa hadithi za mapenzi anaweza kujifungia chumbani. Sisi tukijifungia, tunaaibika.

Ajali nyingine ya kazi hii ni ukweli kukuwahi. Nilikuwa sura ya tisa ya kisa cha setilaiti ya kwanza ya Uganda pale PearlAfricaSat-1 iliporushwa, Novemba 2022. Kumbe vijana wetu watatu walikuwa Japani wakiunda mchemraba wa sentimita 10 kila upande, na mimi nimeandika mtambo mkubwa kama basi la Gateway! Sura zote tisa zilikwenda jikoni kuwashia sigiri.

Pesa? Mrabaha wangu ni asilimia 10. Kitabu cha shilingi 30,000 kinaniachia 3,000, yaani rolex moja ya mayai mawili. Kwa hiyo fizikia siachi. Kitabu cha kwanza nilijichapishia, na mpiga chapa akarudia kurasa za 97 hadi 112 katika nakala zote 300. Nililia. Kisha msomaji wa Mbale akanipigia kunipongeza: alidhani shujaa amenaswa katika wakati unaojirudia. Nilimshukuru, nikakata simu.

Sasa niko kwenye riwaya ya nne, juu ya bwawa la Jinja, na jana usiku yule dada wa wino mwekundu alinitumia ujumbe. Hakuniambia kama hadithi ni tamu au chungu. Aliuliza tu: "Jenereta ya sura ya 7 inakula lita ngapi kwa saa?" Leo baada ya vipindi nitapitia kwa fundi wa jenereta pale sokoni. Kesho atauliza tena.